Kichupa Kisicho na Kitu

Kichupa namba 12 hakikuwa na kitu ila maji. Nilikijaza kwa mkono wangu mwenyewe, nikakiandika namba yake kwa kalamu ya wino usiofutika, nikakipanga mwisho wa safu kama tulivyofundishwa. Vile 11 vilivyotangulia vilikuwa na mali ndani: DNA niliyoikamua kutoka kwenye pamba nilizopangusia kuta za ndani za vyombo vya maziwa Garissa. Namba 12 kazi yake ni kunyamaza. Hupitia kila wanachopitia wenzake, dawa zile zile, joto lile lile, lakini mwisho wa safari, vyote vikimulikwa, wenzake huwaka na chenyewe hutakiwa kibaki giza.

Usiku huo nilikuwa peke yangu katika maabara Nairobi. Niliweka jeli niliyoitia tone la kila kichupa juu ya taa ya bluu, nikazima taa ya chumba, mistari ikajitokeza: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimeingoja wiki nyingi. Nilipofika mwisho wa safu nikaona namba 12 nacho kina mwanga. Ulikuwa hafifu, kama kaa lililofunikwa na jivu, lakini ulikuwepo. Niliukodolea macho. Kisha nikajiambia ni mwanga wa jirani yake uliomwagikia pale. Nikapiga picha, nikaikata ukingo iishie namba 11, nikafunga mlango, nikaenda kulala.

Nililala vizuri, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Nieleze nilikuwa natafuta nini. Bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi humwita ayeeyo, ana dhiil. Ni chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mimea, zimebanana hata tone halipiti, tumbo pana na shingo nyembamba. Alikuja nayo mjini Garissa alipoyaacha maisha ya malishoni, baada ya ukame kummalizia ng'ombe na kumbakishia ngamia wachache. Ngamia hao walibaki porini na abti, mjomba wangu, na kila alfajiri maziwa yaliletwa mjini kwa pikipiki ndani ya mitungi ya plastiki ya manjano, ile iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Mengine yaliuzwa Soko Mugdi. Mengine yalipanda basi kwenda Eastleigh, Nairobi. Na kidogo yaliingia kwenye dhiil ya ayeeyo, yakae siku moja au mbili mpaka yawe suusac, maziwa yaliyochacha yenye ladha ya moshi.

Lakini kabla maziwa hayajaingia, chombo hutayarishwa. Ayeeyo huchukua kijiti kikavu cha mgunga, hukichomeka motoni mpaka kichwa chake kiwe kaa jekundu, kisha hukitumbukiza ndani ya dhiil na kuifunika. Moshi hutafuta njia, hutoka kwenye ukingo wa kifuniko kama uzi mmoja mweupe. Huipakata dhiil mapajani, huigeuza huku na huku, kaa likigongagonga ndani. Akilitoa hupangusa jivu kwa fagio dogo la nyuzi, kisha hutia pua kwenye shingo ya chombo na kuvuta pumzi akiwa amefumba macho. Pua ikikataa, anarudia tangu mwanzo. Sijawahi kumwona akitia maziwa kabla pua haijakubali.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika mikrobiolojia, sikuhangaika kutafuta mada. Nilitaka kujua ni nani anayeishi katika kuta za dhiil ile, na anatofautiana vipi na anayeishi katika mtungi wa plastiki. Nilichukua pamba kutoka mitungi 6 ya plastiki, na nyingine kutoka dhiil 5, moja ikiwa ya ayeeyo na nne za majirani zake.

Zamani ukitaka kujua vijidudu waliomo ndani ya kitu, ulichukua chembe ya kitu hicho, ukaipaka kwenye sahani yenye chakula, ukasubiri waote. Walioota uliwahesabu na kuwapa majina. Shida ni kwamba walio wengi hawaoti. Ukitazama tone la maji kwa darubini unaona umati. Ukilipaka kwenye sahani wanaota wachache mno. Mwaka 1985 wanasayansi wawili, Staley na Konopka, waliliandikia pengo hilo makala ambayo inatajwa mpaka sasa. Wale wasioota hawakuwa wamekufa. Chakula tulichowaandalia hakikuwa chao. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza niliwaza wageni wote waliowahi kuja kwetu na madaftari ya maswali, wakawahesabu waliojibu, wakaondoka wakidhani wametuona.

Njia mpya haimsubiri mtu aote. Carl Woese wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alionyesha mwaka 1977 kwamba ndani ya kila kiumbe hai mna maandishi ya aina moja yanayobadilika polepole sana, kizazi kwa kizazi, na kwamba ukiyalinganisha unaweza kujua nani ni ndugu wa nani. Mtoto wa Kisomali haelezwi jambo hili mara mbili. Tulikaririshwa abtirsi tukiwa wadogo, jina la baba, la babu, la baba wa babu, kurudi nyuma mpaka ulimi uchoke. Wageni wawili wakikutana kisimani hutaja abtirsi zao, na pale majina yanapoanza kufanana ndipo wanapojua undugu wao uko umbali gani. Kwa bakteria, abtirsi inayotumiwa sana ni jeni iitwayo 16S, yenye herufi zipatazo 1,500. Katika miaka ya 1980 Norman Pace na wenzake wakafungua mlango mwingine: huna haja ya kumfuga kiumbe kwanza. Chota udongo, maji au maziwa, vunja seli zote kwa pamoja, toa DNA, soma abtirsi za wote waliomo.

Tatizo ni kwamba DNA unayoitoa ni kidogo, basi huzidishwa kwa njia ya PCR, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983 na kupewa Tuzo ya Nobel kwayo miaka 10 baadaye. Mashine hupandisha joto, nyuzi mbili za DNA zinaachana. Hulishusha, vipande vya kuanzishia vinashika mahali pake. Hulipandisha tena kidogo, kimeng'enya kinajenga uzi mpya. Kimoja kimekuwa viwili. Rudia, viwili vinakuwa vinne. Ukirudia mara 30, nakala moja imekuwa zaidi ya bilioni moja. Msomaji auweke moyoni muujiza huo, kwa sababu muujiza huo huo ndio ulionikwaza. Mashine haiulizi nakala ya kwanza ilitoka wapi. Iwe imetoka kwenye dhiil ya ayeeyo, iwe imedondoka kutoka kwenye kifundo cha mkono wangu pale glavu inapoishia, itaizidisha kwa uaminifu ule ule.

Nilisafiri na zile pamba ndani ya sanduku la barafu kwenye basi, takriban kilomita 370, sanduku magotini, nikikataa lisiwekwe kwenye buti. Joto la Garissa halichezewi. Sampuli ikipata joto, wanaopenda joto huzaana njiani, na unachofikisha Nairobi ni mji mwingine uliojengwa ndani ya basi. Hapo nilikuwa mwangalifu mno. Nilijua njia inaweza kunidanganya. Sikuwahi kuwaza kwamba mdanganyifu ni mimi niliyelipakata sanduku.

Matokeo yalirudi kwa barua pepe, jedwali refu la majina. Mitungi ya plastiki ilijaa bakteria wa maziwa, Streptococcus na Lactococcus, pamoja na wale wa familia ya wanaoishi matumboni, wanaoashiria kinyesi. Hilo nililitarajia. Plastiki ikichubuka ndani haioshwi ikatakata. Lakini dhiil zote 5 zilileta majina mengine kabisa: Cutibacterium, Staphylococcus, Ralstonia, Sphingomonas. Wawili wa kwanza nawajua, wanaishi kwenye ngozi ya binadamu. Wale wengine wawili ni wakazi wa maji na udongo. Nikaketi nikaandika kurasa tano kwa mfululizo. Niliandika kwamba uchafuzi wa vyombo vya jadi unatokana na mikono ya akina mama na maji wanayooshea. Nilipendekeza wapewe mafunzo ya usafi.

Jioni hiyo nilimpigia simu. "Mmeona nini humo, ayeeyo?" aliniuliza. Wazee wetu humrudishia mjukuu jina lile lile analowaitia, kwa hiyo mimi kwake ni ayeeyo pia. Nikamjibu kwa pupa ya mtu aliyebeba habari: "Vijidudu vya ngozi, ayeeyo. Vya mikono."

Akanyamaza kidogo. "Mikono yetu?"

"Mikono ya wanaoosha vyombo."

Akasema haya, akaniombea dua ndefu kama kawaida yake, tukaagana.

Wiki mbili baadaye msimamizi wangu aliniita ofisini. Zile kurasa tano zilikuwa mezani, na juu yake picha ya jeli. Hakuzungumzia mikono ya mtu yeyote. Aliweka kidole kwenye ukingo wa picha akauliza, "Hapa imeishia namba 11. Namba 12 iko wapi?" Nikasema kichupa kiko kwenye friza. Akasema nacho kikasomwe.

Kikasomwa. Kikarudi na majina yake: Cutibacterium, Staphylococcus, Ralstonia, Sphingomonas. Maji yangu matupu yalikuwa na wakazi wale wale niliowaona kwenye dhiil ya bibi yangu, karibu kwa mpangilio ule ule wa wingi. Wengine walitoka kwenye ngozi yangu. Wengine walikuwa ndani ya dawa zenyewe za kukamulia DNA, maana hata dawa inayouzwa ikiwa imefungwa na kupigwa lakiri huwa na mabaki ya DNA ya bakteria wa maji ya kiwandani. Si mimi wa kwanza kukumbwa na hili. Mwaka 2014 Susannah Salter na wenzake walichapisha jaribio ambalo sasa kila anayeanza kazi hii anapaswa kulisoma kabla hajagusa pipeti. Walichukua bakteria wa aina moja tu, Salmonella bongori, aliyefugwa peke yake, wakamzimua kwa hatua, kila hatua akiwa mchache kuliko iliyotangulia, kisha wakasoma. Mwanzoni walimwona yeye. Kadiri alivyozidi kupungua ndivyo wageni walivyojitokeza, na mwishoni wageni ndio waliotawala jedwali lote. Wageni hao hawakuongezeka hata kidogo. Walikuwa kiasi kile kile tangu mwanzo. Kilichopungua ni ile mali ya kweli iliyokuwa inawafunika.

Sasa fikiria maana yake kwa dhiil. Kwa nini mitungi ya plastiki haikuonyesha ngozi yangu? Kwa sababu ilijaa. Bakteria wake walikuwa wengi mno hata wachache waliotoka kwangu wakazama humo wasionekane. Kwa nini dhiil zilionyesha? Kwa sababu kaa la mgunga lilikuwa limepita. Kuta zilikuwa zimefukizwa alfajiri ile ile, na pamba yangu ilikuta karibu hakuna mtu. Pale pasipo na mtu nilijisoma mwenyewe, nikaandika jina la bibi yangu. Usafi wake ndio uliomfanya aonekane mchafu.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa, nikihofia inasikika kama iliyotungwa ili ipendeze. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sijui namna nyingine ya kuisema.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza kuhusu wingi na uhaba wa kile tunachokijua juu ya watu. Mtu niliyeishi naye miaka 20, nimemwona akikasirika na kusamehe, akikopa na kulipa, huyo nina mzigo mzima wa kumsoma. Hofu zangu na maumivu yangu ya utotoni yamo humo pia, lakini yamezama. Mtu niliyemwona mara moja foleni ya benki nina pamba moja tu, karibu tupu. Hukumu ninayoitoa juu yake huja haraka, tena kwa uhakika mkubwa, na sasa najua uhakika ule unatoka wapi. Mashine imezungushwa mara 30 juu ya kitu kilichotoka kwangu.

Sisi wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya tumesomwa sana kwa pamba tupu. Nilipofika chuoni, wasichana wazuri tu, wenye roho safi, ambao hawakuwahi kuvuka Mwingi, waliniuliza kama kwetu kuna shule, na kama usiku tunalala au tunasikiliza risasi. Hawakuwa wakisema uongo. Walikuwa wakisoma hofu yao. Nami nikakasirika muda mrefu, mpaka nilipokumbuka kwamba nyumbani, mtu akipanda basi la Nairobi, wazee husema anakwenda Kenya, na picha tuliyokuwa nayo ya hiyo Kenya, ya watu wasiosalimiana na watoto wasiojua baba zao, ilitokana na safari ngapi? Yangu ilitokana na mbili, zote za hospitali.

Na kuna Dadaab. Kambi zile za wakimbizi zilifunguliwa mwaka 1991, kama kilomita 100 kutoka Garissa mjini. Nilikua karibu nazo kiasi hicho na sikuwahi kukanyaga. Watu wake wanazungumza lugha ya mama yangu, wanafukiza vyombo vyao kama ayeeyo anavyofukiza. Lakini nilijua mengi kuwahusu: kwamba wanafanya hivi, kwamba wako vile. Nikijichunguza leo, karibu yote niliyoyajua yalikuwa hofu yangu mwenyewe ya kusimamishwa kizuizini barabarani, kitambulisho changu kikigeuzwa huku na huku, nikidhaniwa kuwa mmoja wao. Niliwachukia kidogo kwa sababu ya kufanana nao. Siku nilipofika huko hatimaye, kwa kazi ya sampuli za maji, nilikaa kivulini na mama mmoja aliyekuwa akinung'unikia bei ya sukari kwa maneno ambayo mama yangu angeyatumia. Mzigo wangu wa kweli juu ya Dadaab ulianza na sukari hiyo.

Mtu asidhani natoa hoja dhidi ya mashine. Nimeona kazi yake. Mvua za El Niño za mwisho wa 1997 zilipoifurisha Garissa, mifugo ikaanza kuharibu mimba na watu kufa wakitoka damu, sampuli zilibidi zisafirishwe hadi Afrika Kusini na Marekani ndipo ikajulikana kuwa ni homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa ule ule uliporudi Garissa mwezi Desemba 2006, ulithibitishwa na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, hapo hapo Nairobi. Hata hivyo zaidi ya watu 150 walikufa nchini katika mlipuko huo. Wafugaji walikuwa wameona dalili mapema, mbu wengi kupita kiasi na kondoo wakitupa mimba, na walikuwa wakisema. Nataka mashine hiyo iwe Garissa yenyewe, na kijana wa Garissa awe ndiye anayeiendesha. Nataka pia awe na namba 12 mwishoni mwa safu yake, na asiikate picha.

Nilikwenda nyumbani likizo iliyofuata. Ayeeyo alinipokea kwa maziwa, kama siku zote, ila yalikuja kwenye jagi la plastiki lenye kifuniko. Dhiil ilikuwa imetundikwa ukutani, mdomo chini. Nilijua kabla sijauliza. Habaryar, mama yangu mdogo, alininong'oneza jikoni: tangu ile simu, bibi hataki mgeni anywe maziwa ya mikono yake.

Nilirudi nikaketi mkekani mbele yake. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu kuhusu dawa na mashine. Yalipotoka yalikuwa mafupi. "Ayeeyo, ile mikono ilikuwa yangu."

Alinitazama muda mrefu. Hakusema amenisamehe, wala sikuwa nimemwomba kwa maneno. Aliuliza, "Basi mwenye nyumba ni nani?"

Hapo nilitaka sana kumpa zawadi. Nilitaka kumwambia kwamba ndani ya suusac mna afya tupu, kwamba wazungu wamethibitisha kila alilofundishwa na mama yake. Lakini huko nako kungekuwa kumsoma kwa toba yangu, na sikuwa na haki ya kumrudishia kosa moja kwa jingine. Nikamweleza kinachojulikana. Watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Kenya, walisoma suusac ya Kenya na ya Somalia, na waliyemkuta akitawala mara nyingi ni bakteria aitwaye Streptococcus infantarius, jina lililotokana na watoto wachanga. Mwaka 2012 walichapisha maandishi yake yote, ya mmoja aliyetoka katika suusac ya Kenya. Jamaa zake wa karibu wanatiliwa shaka, wengine hukutwa katika maambukizi ya moyo. Lakini huyu wa kwetu ana kitu cha ajabu: jeni za kula sukari ya maziwa zinazofanana mno na za Streptococcus thermophilus, yule anayetumika kugandisha mtindi duniani kote. Inaonekana alizipata kwa jirani, bakteria kwa bakteria, wakiwa ndani ya maziwa. Kama ni salama kabisa au la, bado wanachunguza.

Ayeeyo alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikihesabu tasbihi. "Kwa hiyo alikuja mgeni," alisema, "akakaa na watu wa maziwa mpaka akajifunza kunywa."

"Ndiyo."

"Na mlimpa jina kabla hajajifunza."

Sikuwa na jibu, na hakuningoja nijibu. Aliinuka kwa kushika bega langu, akaitungua dhiil.

Ilikuwa imekauka. Nyuzi zikikaa muda mrefu bila maziwa hujikunja na kuachana, na chombo kinavuja hata kwa maji. Aliipeleka uani, akaijaza kutoka kwenye pipa, akaiweka juu ya beseni. Maji yalianza kuchuruzika kwenye kitako, kwanza kama jasho, kisha matone, tap, tap, tap, na ayeeyo akavuta kigoda akaketi kuyatazama. Nyuzi hunywa zikavimba zikabanana tena, lakini huchukua muda. Huwezi kuziharakisha.

Nilikuwa nimekuja na vichupa vipya mkobani. Nikavaa glavu, nikazipangusa kwa spiriti, nikatoa kimoja. Nilikifungua pale uani, kando ya beseni, nikakiacha wazi kwa muda ule ule ambao ningetumia kupangusa chombo, kisha nikakifunga. Nikachukua kalamu nikaandika tarehe na mahali.

"Humo umetia nini?" aliuliza.

"Sijatia kitu, ayeeyo."

"Na bado unakiandika jina."

Nikamwonyesha nilichokiandika. Hasomi herufi hizi, lakini alilitambua, kwa sababu ni jina langu, na lilikuwa limeandikwa hivyo hivyo kwenye madaftari ya shule aliyonifunikia kwa karatasi za gazeti miaka ile. Akanirudishia kichupa, akainama kutazama chini ya dhiil. Matone yalikuwa yameanza kuchelewa.